Oda ya stopu: hisa zikiporomoka inakuokoa hadi wapi?

Wadau, kijana mmoja hapa Moshi kaniuliza swali zuri: ukinunua hisa zinazoyumba, na huwezi kushinda kafe kutwa nzima unaangalia bei, unajilindaje? Wengi wanaambiwa weka oda ya stopu, basi, lala usingizi. Sasa hapo kwenye usingizi ndipo pana kazi.

Iko hivi. Umenunua kwa 100, unamwachia dalali maagizo: ikigusa 90, uza. Ni kama mama wa Marangu anayemtuma mwanae na ndizi soko la Mbuyuni: "Mkungu ukishuka mpaka elfu tisa usisubiri, uza yote." Lakini hakuna aliyemuahidi hiyo elfu tisa! Kama wanunuzi wameshaondoka na aliyebaki anatoa elfu sita, zitauzwa elfu sita. Stopu ikiguswa inageuka oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo.

Tarehe 6 Mei 2010 kule New York, hisa ya Procter & Gamble, wale wa sabuni, ilidondoka ndani ya dakika chache kutoka zaidi ya dola 60 hadi chini ya 40, kisha jioni ikafunga tena juu ya 60. Ambaye stopu yake iliuza kule chini, ndo imetoka.

Unaweza kuongeza kikomo: ikigusa 90 uza, ila isiwe chini ya 88. Sawa, hutauza kwa bei ya kutupa, lakini ikipita 88 kwa kasi unabaki nazo mkononi.

Halafu kuna Safaricom. Mwaka 2008 iliuzwa kwa umma shilingi 5 za Kenya, mwanzoni mwa 2009 ikawa chini ya 3. Stopu ya 4 ingekuokoa. Ila hisa hiyohiyo 2021 ilivuka 40, na 2023 ikarudi chini ya 15. Stopu haijui kampuni nzuri wala mbaya, inajua namba tu.

Na hapa kwetu, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara 1998, lakini zipo hisa ambazo siku nyingine haiuzwi hata moja. Sasa stopu imuuzie nani? Mimi kwa hisa za aina hiyo nauliza kwanza dalali kama anapokea oda hizo, naangalia foleni ya wanunuzi, halafu naweka hela ambayo hata ikikwama miezi sita, ada ya mtoto inalipwa.