Amri fupi, hasara kubwa: Jinsi Git ilivyolazimika kubadili mazoea

MWANDISHI wa programu anapoandika amri ya maneno mawili na kubonyeza kitufe, huwa ameacha mengi bila kuyataja. Sharti mtu mwingine awe ameamua mapema yale yasiyotajwa yatachukuliwa vipi.

Uamuzi huo huitwa chaguo-msingi, na katika programu za kuhifadhi matoleo ya kazi umewahi kuzua mjadala wa miaka mingi.

Programu mashuhuri zaidi ya aina hiyo ni Git. Ilibuniwa na Linus Torvalds mnamo Aprili 2005, baada ya waundaji wa kiini cha Linux kunyimwa matumizi ya bure ya programu ya BitKeeper. Miezi michache baadaye, Torvalds alimkabidhi Junio Hamano usimamizi wake.

Git hutunza kumbukumbu ya kila badiliko katika faili za mradi. Waundaji hugawa kazi yao katika matawi: moja la toleo linalotumika, jingine la marekebisho, jingine la majaribio. Kila mmoja huwa na nakala katika tarakilishi yake, kisha hupeleka mabadiliko kwenye hifadhi ya pamoja kwa amri ya "git push".

Hapo ndipo utata ulipozuka, kwa sababu amri hiyo haisemi ni tawi lipi lipelekwe. Kwa miaka mingi, Git iliichukulia kuwa na maana kwamba kila tawi ambalo jina lake lipo pande zote mbili lipelekwe kwa mkupuo mmoja.

Mpango huo haukuwa wa kipuuzi. Mtu mwenye hifadhi yake binafsi ya umma aliyatayarisha matawi yote, akaridhika nayo, kisha akayatoa kwa pamoja. Ndivyo walivyofanya kazi watu walioizoea Git mwanzoni.

Lakini Git ilipoingia maofisini, ambako watu wengi huandika katika hifadhi moja, mambo yalibadilika. Mfanyakazi aliyekusudia kupeleka tawi moja alijikuta amepeleka pia jingine ambalo kazi yake haikuwa imekamilika.

Hatari ilizidi pale alipoongeza chaguo la "--force", linaloiamuru hifadhi ikubali hata kama historia hazilingani. Nakala zake za matawi mengine, ambazo huenda hakuzigusa kwa wiki mbili, zingeifunika kazi mpya ya wenzake. Kazi hiyo kwa kawaida huweza kuokolewa kutoka kwa tarakilishi za wenyewe, ila baada ya simu nyingi na lawama zisizo haba.

Suluhisho lilitolewa katika Git 1.7.11 mnamo Juni 2012, kwa mpangilio uitwao "simple". Chini yake, tawi linaloshughulikiwa wakati huo pekee ndilo hupelekwa, na Git hukataa iwapo jina la tawi lililounganishwa nalo upande wa pili ni tofauti.

Hata hivyo, wasimamizi hawakuugeuza kuwa chaguo-msingi papo hapo. Maelfu ya watu walikuwa wamezoea tabia ya zamani, na wengine walikuwa na hati za amri zilizoitegemea. Kwanza programu ilianza kutoa onyo kwa yeyote ambaye hakuwa amejichagulia mpangilio. Badiliko lenyewe lilifika na Git 2.0, iliyotolewa Mei 28, 2014.

Kuhusu kulazimisha, Git 1.8.5 ya Novemba 2013 ilileta "--force-with-lease", ambayo hukataa ikiwa tawi la hifadhini limebadilika tangu mtumiaji alipoliona mara ya mwisho. Ajabu ni kwamba chaguo hilo salama ni refu kuandika, ilhali lile la hatari hufupishwa kuwa "-f". Mwenye haraka atachagua lipi?

Amri ya "git checkout" nayo ilibeba kazi mbili zisizofanana. Ilimhamisha mtumiaji kutoka tawi moja hadi jingine, na pia ilirejesha faili katika hali yake ya awali, ikifuta bila kuuliza mabadiliko yaliyokuwa hayajahifadhiwa. Hayo hayana pa kutafutwa tena ndani ya Git.

Mnamo Agosti 2019, Git 2.23 ilizitenganisha kazi hizo: "git switch" ya kuhama tawi, na "git restore" ya kurejesha faili. Amri ya zamani haikuondolewa, na hadi leo ingali inatii bila kuuliza.