Daraja Lililobomolewa na Dhoruba: Kifusi Kisibaki Mtoni

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa, na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika huko Somanga, Kilwa. Barabara kuu hupelekewa mitambo upesi. Lakini daraja dogo la kwenda mashambani likianguka, kifusi chake huweza kulala mtoni mpaka masika mengine. Hapo ndipo hasara ya pili inapoanza.

Zege lililolala mtoni hunasa magogo, majani na mchanga. Maji yakikosa njia katikati hugeukia ukingo na kuula. Shamba lako la mpunga lililo kando ya mto linamegeka kidogo kidogo, nawe unalaumu mvua!

Basi, mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji, naye aifikishe TARURA. Daraja ni mali ya umma hata likivunjika, pamoja na nondo zake. Usianze kugonga mwenyewe. Daraja lililopoteza nguzo linaweza kuwa limeegemea tu, na pigo moja la nyundo likaliangusha juu yako. Mafundi hungoja maji yapungue, wakaanza na sakafu, halafu mihimili, mwisho nguzo na kuta za kingoni.

Sasa, kifusi kile si takataka. Kijiji kiombe kibali cha kukitumia. Mapande ya zege hujazwa katika vikapu vya waya vya kulinda ukingo, mradi yawe makubwa kuliko matundu ya waya, la sivyo mto utayatoa moja moja. Madogo hupondwa yakajaza mashimo ya barabara. Lakini kokoto hiyo isiingie kwenye nguzo za daraja jipya bila kupimwa na mhandisi. Nondo zilizopindika nazo, usidanganyike kuzinyoosha ujengee nyumba: nguvu yake imekwisha kupungua. Hizo ni za kuyeyushwa kiwandani.

Mbao za daraja mara nyingi zimelowekwa dawa ya kuzuia mchwa. Zinafaa nguzo za uzio. Usizipikie, usijengee ghala la nafaka wala hori la ng'ombe, maana dawa ile ni sumu na moshi wake pia.

Kazi ikiisha, okoteni misumari na vipande vya waya pale mifugo inaponywea maji. Ng'ombe hachagui anachomeza.