KICHAKA SHAMBANI NI MALI

Watu wengi hudhani ya kuwa viumbe vya porini hutunzwa katika mbuga za serikali tu, na ya kuwa shamba safi ni lile lisilo na kichaka hata kimoja. Fikira zote mbili zafaa kuchunguzwa upya, maana wako viumbe ambao maisha yao yamo mikononi mwa mkulima mwenye ekari mbili tatu.

Mfano mzuri ni ndege aitwaye zogoyogo wa Hinde. Ndege huyu haonekani popote duniani ila katika Kenya, hasa pande za Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru na Machakos. Manyoya yake ni ya hudhurungi yaliyochanganyika na meupe, na macho yake ni mekundu. Hutembea kwa jamaa, hupiga kelele nyingi, na jamaa nzima husaidiana kulisha makinda. Katika mabonde ya Mukurweini na Kianyaga makao yake si mbuga, bali vichaka vilivyobaki kati ya mashamba ya kahawa na mahindi. Humo hujenga kiota, na chini ya majani makavu hutafuta wadudu.

Vichaka vya asili vilipofyekwa, ndege huyu alijificha katika lantana, mmea uliotoka Amerika na kuenea kila mahali. Hapa pana shauri gumu. Lantana huwadhuru ng'ombe wanaoila, kwa hiyo mkulima ana haki ya kuichukia. Lakini akiing'oa yote kwa siku moja, ndege hukosa pa kukaa. Yafaa kwenda polepole: panda kwanza miti na vichaka vya asili, ungoje vikue na kufungana, kisha ondoa lantana sehemu baada ya sehemu.

Pengine msomaji atauliza, "Mimi nitapata faida gani?" Faida ipo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014, uliofanywa katika kahawa ya mlima Kilimanjaro, ulionyesha ya kuwa mahali ndege na popo walipoachwa waingie, matunda yaliyoshika yalizidi kwa kadiri ya 9 katika kila 100, kwa kuwa walikula wadudu waharibifu. Nyuki nao waliongeza uzito wa matunda. Wafanya kazi hawa hawadai mshahara. Wataka makao tu.

Mkulima atakaye kuwakaribisha na afanye hivi:

Kwanza, achague mahali pasipofaa sana kwa kilimo, kama ukingo wa mto, mteremko mkali au mpaka wa shamba. Mizizi itashika udongo usichukuliwe na mvua.

Pili, apande mimea ya nchi yake. Mtandamboo hufanya ua mzuri wenye miiba, na matunda yake huliwa na ndege na watoto pia. Mkuyu wafaa karibu na maji. Mringaringa hutoa kivuli kwa kahawa, na maua yake meupe hupendwa na nyuki. Mshubiri ukipandwa mbele ya nyumba, chozi watakuja kufyonza maua yake.

Tatu, aweke maji katika chombo kipana kisicho na kina, na kuyabadili kila siku mbili ili mbu wasizaliane.

Nne, asinyunyize dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka na nyuki wako kazini. Dawa isiyochagua huua adui na rafiki pamoja.

Tano, awafundishe watoto kuweka manati chini, na asiruhusu bundi kupigwa mawe. Wengi husema bundi huleta kifo. Kweli huleta kifo, lakini kwa panya walao mahindi ghalani.

Hata karani mwenye kiwanja kidogo mjini aweza kufanya sehemu ya kazi hii kwa ua la miti, mishubiri michache na chombo cha maji.

Mbuga zina walinzi wake, lakini bonde la Mukurweini halina mlinzi ila mwenye shamba. Kabla ya kunoa panga msimu ujao, na atazame kwanza ni nani akaaye katika kichaka kile.