Lugha ya Vihisi: Namna Tarakilishi ya Injini Inavyozungumza na Dereva wa Mashindano

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna vihisi, kioo cha dereva na saa ya kupimia mizunguko vinavyounganishwa na tarakilishi ya injini katika gari la mashindano. Huenda msomaji akajiuliza mada ya gereji inatafuta nini katika jarida la lugha. Jibu ni kwamba kazi hii, ijapokuwa hufanywa kwa waya na koleo, kiini chake ni suala la maana. Waya zaweza kufungwa barabara, umeme ukapita bila pingamizi, na bado dereva akasoma uwongo, kwa sababu msemaji na msikilizaji hawakukubaliana juu ya maana ya tarakimu. Uwongo huo waweza kuiangamiza injini kabla ya mzunguko mmoja kwisha.

Mafundi wengi hukiita kihisi "sensa". Kwa kuwa neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuhesabu watu, hapa tutatumia "kihisi".

Kihisi na ishara yake

Kihisi ni kifaa kinachogeuza hali ya kimaumbile, kama vile joto, presha au mwendo, kuwa ishara ya umeme. Chukua kihisi cha presha ya oili. Aina iliyoenea hulishwa volti 5, nacho hurudisha volti 0.5 pasipo na presha na volti 4.5 presha ifikapo kikomo chake. Ikiwa kikomo hicho ni kilopaskali 1000, basi volti 2.5 zina maana ya kilopaskali 500. Volti zenyewe hazisemi neno "presha". Ni mapatano tu.

Mapatano hayo huharibika kwa urahisi. Waya wa kurudishia umeme wa kihisi hauna budi kurejea kwenye tarakilishi yenyewe. Ukifungwa popote kwenye bodi ya gari, tofauti ya volti 0.2 tu yatosha kuongeza au kupunguza kilopaskali 50 katika hesabu. Kwa injini ambayo oili yake huhamia upande mmoja wa karteri katika kona kali, kiasi hicho chaweza kuificha dalili ya kwanza ya hatari.

Kihisi cha mzunguko wa injini nacho kina funzo lake. Katika magari mengi, mhimili mkuu wa injini hubeba gurudumu lenye nafasi za meno 60, lakini meno mawili yameachwa kwa makusudi. Meno 58 yaliyobaki huiambia tarakilishi kasi. Pengo ndilo huiambia mahali mhimili ulipo. Hapa ukimya wenyewe ni ishara, na pasipo ukimya huo tarakilishi haijui wakati wa kuwasha cheche.

Baraza la waya mbili

Zamani kila kihisi kilihitaji waya wake hadi kwenye kila kifaa kilichotaka habari zake. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza, katika mkutano wa wahandisi mjini Detroit, njia ya kuviunganisha vifaa vyote kwa waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Kila mwisho wa njia hiyo huwekwa kizuizi cha ohmu 120 ili ishara isirudi kama mwangwi. Kwa hiyo fundi anayepima kati ya waya hizo umeme ukiwa umezimwa hutarajia ohmu 60. Akipata 120, ajue kizuizi kimoja kimekosekana.

Njia hiyo twaweza kuifananisha na baraza. Kila ujumbe hutanguliwa na namba, na namba hiyo haitaji msemaji bali hutaja jambo linalosemwa. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, mwenye namba ndogo huendelea na mwenzake hunyamaza, kisha hujaribu tena baadaye. Hakuna neno linalopotea. Ndiyo maana habari za dharura hupewa namba ndogo.

Tarakimu na kamusi yake

Baada ya namba hufuata maneno yasiyozidi manane, yaani baiti, ambayo kila moja hubeba thamani kati ya 0 na 255. Hapa ndipo kamusi inapohitajika. Katika kanuni ya uchunguzi wa magari ya kawaida, kasi ya injini huandikwa kwa baiti mbili: ya kwanza huzidishwa kwa 256, ya pili huongezwa, na jumla hugawanywa kwa 4. Baiti 26 na 248 zina maana ya mizunguko 1726 kwa dakika. Kioo kikizisoma kwa kupindua mpangilio, kitaonyesha zaidi ya 15,800. Maneno ni yale yale. Sintaksia ndiyo iliyobadilika.

Kosa hilo hugunduliwa upesi kwa kuwa ni la ajabu. La kuogopwa zaidi ni lile linaloaminika. Katika kanuni hiyo hiyo, joto la maji hupatikana kwa kutoa 40, ili nyuzi zilizo chini ya sifuri ziweze kuandikwa. Lakini tarakilishi za mashindano hazifungwi na kanuni moja. Kila mtengenezaji aweza kuwa na kamusi yake. Tuseme tarakilishi inatuma nyuzi kama zilivyo, na kioo kimefundishwa kutoa 40. Injini iliyofikia nyuzi 130 itaonekana kuwa na 90, joto la kawaida kabisa. Dereva ataendelea kukanyaga mafuta huku gasketi ikiungua.

Wakati na mahali

Kipimo cha mzunguko huzipa tarakimu zote mahali pake. Saa rasmi ya mashindano kwa kawaida hutumia kifaa cha redio ndani ya gari na waya uliofukiwa chini ya mstari. Timu nyingi huongeza kipokezi cha setilaiti. Kipokezi kinachopima mara 10 kwa sekunde, katika gari liendalo kilomita 180 kwa saa, huacha mita 5 baina ya nukta na nukta. Hivyo hukadiria wakati wa kuvuka mstari kwa kulinganisha nukta mbili. Faida yake ni kwamba presha iliyoshuka huonekana imeshuka katika kona gani.

Hata hivyo, kila kipimo kina ukomo. Mwaka 1997 huko Jerez, Uhispania, Villeneuve, Schumacher na Frentzen wote walipata dakika 1 na sekunde 21.072 katika majaribio ya Formula 1. Kwa mwendo ule, elfu moja ya sekunde ni kama sentimita 5 na nusu. Saa ilishindwa kuwatofautisha. Kanuni iliamua kwamba aliyetangulia kuupata muda huo, Villeneuve, aanze mbele.

Hitimisho

Kutokana na haya, yafaa kila kihisi kijaribiwe kwa kitu kinachojulikana kabla ya gari kuingia uwanjani. Kihisi cha joto hutiwa katika maji yenye barafu, kisha katika maji yanayochemka. Lakini hata "maji yanayochemka" yahitaji ufafanuzi: Mombasa ni nyuzi 100, ilhali Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 94. Fundi asiyelijua hilo atakirekebisha kihisi kisicho na kosa.

Sisi tunaounda istilahi tuna la kujifunza hapa. Orodha ya maneno isiyo na fasili, vipimo na mipaka ya matumizi ni kama waya zilizofungwa pasipo kamusi: kila kitu kimeunganishwa, na hakuna anayeelewana na mwenzake.