Nyumba ya Kitambaa Angani

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Aliyesikia kisa hicho hapa Mwingi ana haki ya kushtuka akiambiwa kuwa wanaanga wanatengenezewa vyumba vya kitambaa.

Lakini upana wa pete ile unadokeza chanzo cha wazo lenyewe. Roketi ni nyembamba, na mzigo lazima uenee humo. Chumba kiitwacho BEAM, kazi ya kampuni ya Bigelow, kilipaa Aprili 2016 kikiwa kimekunjwa hadi upana wa mita 2.36, kikajazwa hewa huko juu na kufikia mita 3.23. Hakikufunguka kwa urahisi: Mei 26 kitambaa kiligoma. Siku mbili baadaye mwanaanga Jeff Williams alifungua vali mara 25, sekunde chache kila mara, kwa saa saba.

Chumba hicho si teketeke. Hewa tunayoivuta usawa wa bahari husukuma kila mita ya mraba kwa uzito wa tani 10 hivi, na angani hakuna hewa ya nje ya kuirudishia msukumo huo. Ni kama mpira wa miguu: blada huzuia hewa isitoke, ngozi ndiyo hubeba nguvu. Hapa ngozi ni mishipi iliyofumwa kwa nyuzi imara, zikiwemo za Vectran.

Pete ya Mukuku, kusema kweli, ingepasua ukuta wowote, wa chuma au wa kitambaa. Vitu vikubwa hufuatiliwa kwa rada na kukwepwa. Kinachosumbua zaidi ni chembe ndogo zinazokwenda kilomita 10 kwa sekunde. Chembe ikigonga tabaka la kwanza husagika, na vumbi lake hutawanyika kabla ya kufikia tabaka la pili. Kitambaa cha matabaka yaliyoachana kinaiweza kazi hiyo vizuri.

Shaka yangu iko kwenye mishipi. Uzi uliobeba mzigo bila kupumzika hurefuka polepole, na siku moja unaweza kukatika chini ya mzigo uleule uliouzoea. BEAM kilipangiwa miaka miwili, kikaongezewa muda, lakini kimekuwa stoo. Wanaanga hulala kwingine.