Mzee na Uvimbe wa Mshipa Mkuu wa Damu

Mshipa mkuu wa damu hutoka moyoni na kushuka hadi tumboni. Huko tumboni upana wake ni kama sentimita 2. Uzeeni, hasa kwa wanaume wavutao sigara, ukuta wake huweza kulegea na kutuna kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Mara nyingi hauumi. Lakini ukipasuka, wengi hufariki. Kwa mwanamume, ukifika sentimita 5.5, madaktari hufikiria kuutengeneza.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupasua tumbo na kushona mshipa wa bandia. Ya pili, aliyoifanya Dakta Juan Parodi huko Argentina mwaka 1990, ni kupitisha mshipa wa bandia uliokunjwa kutoka kinenani hadi palipotuna.

Uingereza, utafiti ulioanza 1999 kwa wagonjwa wa miaka 60 na zaidi ulionyesha kuwa ndani ya siku 30 walifariki asilimia 1.7 wa njia ya kinena, na asilimia 4.7 wa kupasuliwa. Lakini baada ya miaka 8, waliopasuliwa ndio waliokuwa na nafuu, kwa kuwa mshipa wa kinenani huweza kuvuja, nao hupimwa maisha yote.

Hivyo mwenye miaka 80 mara nyingi hufaa njia ya kinena; mwenye 60 na afya njema, kupasuliwa. Aliyedhoofika sana huenda asiguswe. Basi tusiseme "babu amezeeka mno" kabla hajapimwa moyo, mapafu na figo. Akipata ghafla maumivu makali ya tumbo au mgongo na kuzirai, mkimbizeni hospitali.