Ziwa Tanganyika: Rutuba Iliyobaki Kilindini

Wavuvi wa Uvira na Kalemie wanapovuta nyavu tupu, wa kwanza kulaumiwa ni wao wenyewe: ni wengi mno, na matundu ya nyavu zao ni madogo mno. Lawama hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, mwaka 2003 Catherine O'Reilly, mtaalamu wa maziwa kutoka Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Nature makala iliyotaja sababu nyingine, nayo ni joto la maji.

Ili hoja yao ieleweke, yafaa kukumbuka umbile la ziwa lenyewe, ambalo kina chake hufika mita 1,470. Viumbe vinavyokufa juu huzama, na vinapooza huko chini huacha fosforasi na nitrojeni, ambazo mwani hauwezi kuishi pasipo nazo. Lakini mwani huhitaji mwanga pia, nao haufiki kilindini. Chakula kiko chini, mlaji yuko juu. Kinachowakutanisha ni upepo wa kusini-mashariki, uvumao kati ya Mei na Septemba: husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini, yaliyo baridi na yenye rutuba, hupanda upande wa kusini. Mwani ukistawi, huliwa na vidudu vya majini. Vidudu huliwa na dagaa, waitwao ndagala huko Uvira. Nao dagaa huliwa na mgebuka.

Sasa, maji yenye joto ni mepesi kuliko ya baridi. Kadiri tabaka la juu linavyopata joto, ndivyo upepo unavyoshindwa kulichanganya na lile la chini. O'Reilly alisoma historia hiyo katika tope la ziwa. Mwani hupendelea kaboni nyepesi; unapostawi sana, nayo ikapungua, hulazimika kuchukua zaidi ile nzito. Tope la karne ya 20 lilionyesha kaboni nzito ikipungua. Watafiti wakakadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulishuka kwa asilimia 20 hivi, na wa samaki huenda kwa asilimia 30.

Wapo waliopinga, wakisema uvuvi peke yake watosha kueleza upungufu huo. Lakini mwaka 2016 Andrew Cohen, mmoja wa waandishi wa makala ile ya kwanza, na wenzake walionyesha kwamba mabaki ya samaki katika tope yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza. Hivyo sheria za nyavu, hata zikifuatwa kikamilifu, haziigusi sababu hii ya pili, ambayo mvuvi hakuileta.